Matuta, jaruba, gunia au ndoo? Chagua mtindo wa bustani ya mboga kwa kuangalia maji na udongo wako

Jembe Uma (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Vuli inakaribia na picha zimeshaanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: magunia yamejaa spinachi, ndoo zimepangwa barazani, matuta yamezungushiwa mbao. Mtu anapenda picha, ananunua vifaa, miezi miwili baadaye pamebaki udongo mkavu na ndoo zinatumika kufulia. Mara nyingi wala si uvivu. Mtindo aliouchukua haukuendana na maji anayopata wala udongo alio nao. Tusaidiane kuchagua kabla hela haijatoka.

Anza na maji. Kwa joto la Dar, Tanga au Mombasa, mita ya mraba moja ya mboga za majani zilizokwisha kukua hunywa lita 4 hadi 6 kwa siku. Keni ya lita 10 basi ni ya mita za mraba 2. Tuta la mita 1 kwa 5 linataka lita 25 kila siku isiyo na mvua. Kama bomba linatoka mara mbili kwa wiki na akiba yako ni pipa moja la lita 200, hizo ni kama lita 50 kwa siku, na humo humo watu wanaoga na kupika. Bustani yako halisi hapo ni mita za mraba 3 au 4, hata kama kiwanja ni cha robo eka.

Pili, udongo. Lowanisha konzi moja, viringisha upate kijiti chembamba kama penseli. Kikikatikakatika, ni mchanga. Kikikubali kukunjwa pete bila kupasuka, ni mfinyanzi. Kisha chimba shimo la sm 30, jaza maji, yaache yaishe, jaza tena. Yakipotea ndani ya dakika chache, ardhi haishiki maji. Yakiwa bado yamo baada ya saa 4, mizizi itazama.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Tuta la kuinuka ni dawa ya maji yanayotuama. Kazi yake ni kukausha. Ukilijenga kwenye mchanga wa Kigamboni au Mbagala, linakauka kwa juu na kwa pande zote, na hata ukimwagilia asubuhi, saa 9 alasiri spinachi imeshalala. Mchanga unataka jaruba, yaani tuta la kuzama. Toa udongo wa juu sm 15 uweke kando, tifua sm 15 nyingine chini, changanya samadi iliyooza debe moja kwa kila mita 2 za mraba, rudisha udongo wa juu, na hakikisha uso wa jaruba unabaki chini ya njia kwa sm 5 hadi 10. Udongo uliozidi ndio unakuwa kingo. Maji yote ya keni yanabaki kwenye mmea. Wakati wa masika toboa ukingo upande mmoja, la sivyo jaruba linageuka bwawa na chainizi inaoza shingo.

Kwenye mfinyanzi kinyume chake: tuta la kuinuka sm 15 hadi 20, na masika lifike sm 30. Upana usizidi mita 1.2 ili mkono ufike katikati kutoka pande zote bila kukanyaga. Njia iwe sm 40. Mbao za kuzungushia ni pambo tu. Tuta lenye mabega yaliyolazwa kwa mteremko na kupigwa na ubao wa reki halibomoki haraka.

Tatu, jua. Angalia kivuli saa 3 asubuhi, saa 6 na saa 9. Mboga za majani zinavumilia saa 4 za jua. Nyanya, hoho, bilinganya na bamia zikipata chini ya saa 6 za jua zitakupa majani mazuri na matunda ya kuhesabu.

Mwisho, mkono wa kumwagilia. Gunia na ndoo wakati wa kiangazi zinataka maji mara mbili kwa siku kwa sababu udongo ni mchache na jua linapiga ubavuni. Ardhini, kwenye jaruba lenye matandazo ya nyasi kavu unene wa sm 5, unaweza kuruka siku. Anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku aifikirie hiyo kabla ya kununua ndoo 20.

Kiroba Kijani

Mkuu Jembe Uma umefungua vizuri. Niongeze kwenye gunia, kwa sababu ndilo linaloigwa sana na kukosewa sana.

Tumia mfuko wa salfeti wa kilo 100, mpya kama inawezekana, au miwili mmoja ndani ya mwingine. Jua la pwani hulila salfeti. Baada ya msimu mmoja au miwili linaanza kupasuka pale juu. Mchanganyiko ni udongo wa juu ndoo 2, samadi iliyooza ndoo 1, na kama udongo ni mfinyanzi, mchanga wa mto ndoo 1. Usitumie mchanga wa baharini.

Nguzo ya kokoto ya katikati ndiyo roho ya gunia. Chukua kopo la rangi la lita 4, toa kitako, lisimamishe katikati ya gunia, jaza kokoto ndani yake na udongo pembeni, kisha livute juu, jaza tena, mpaka ubakize sm 10 kufika mdomoni. Kokoto ziwe za ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Mawe makubwa yanapitisha maji moja kwa moja mpaka sakafuni, na utaona dimbwi chini ya gunia huku miche ya ubavuni inanyauka. Mwagilia siku 3 kabla ya kupanda ili udongo ushuke, uongeze.

Matundu ya ubavuni ni mkato wa kulala wa sm 3 hadi 4 tu. Ukikata msalaba mkubwa, udongo unatoka kila unapomwagilia. Tundu na tundu sm 20, kwa kupishana, na mstari wa chini kabisa uanze sm 25 kutoka sakafuni. Sukuma mzizi ndani ukielekea chini kidogo, bana udongo kwa kidole. Ubavuni weka spinachi, sukuma wiki au chainizi. Juu weka sukuma 4 au hoho 2. Mchicha wa kung'oa na karoti si za ubavuni, hizo husiwa kwa mbegu papo hapo, na karoti haitaki kuhamishwa.

Maji: nusu kwenye nguzo, nusu juu ya udongo. Ukimwaga yote kwenye nguzo, juu panakauka. Ukimwaga yote juu, mstari wa chini haupati kitu. Ingiza kidole kwenye tundu la chini kila baada ya siku mbili, ndicho kipimo.

Sukuma Kitale

Habarini kutoka upande huu wa mpaka. Magunia hapa Kenya yalishika kasi sana Kibera mwaka 2008, baada ya zile vurugu za uchaguzi, wakati chakula kilikuwa shida na nafasi hakuna. Mtindo ulifaa kwa sababu mbili: ardhi ni finyu mno, na majumbani kuna maji ya kuoshea mboga na mchele ya kutumia tena. Ukiwa na nusu eka Kitale au Kiambu halafu unajaza magunia, umebeba mzigo ambao haukuhusu.

Kwenye ule udongo mwekundu wa nyanda za juu, ulioshindiliwa na plau na miguu kwa miaka, ninapendekeza kuchimba mara mbili. Ndiyo njia inayofundishwa Manor House, kituo cha mafunzo ya kilimo hapa Kitale, tangu 1984. Tuta liwe na upana wa mita 1.2. Chimba mtaro wa kwanza kwa kukata tuta, upana sm 30, kina sm 30, udongo wake upeleke mwisho wa tuta. Ingia mtaroni, tifua sm 30 za chini kwa jembe uma bila kuzigeuza. Kisha mtaro wa pili, udongo wake wa juu unautupa kwenye mtaro wa kwanza. Endelea hivyo hadi mwisho, jaza kwa ule udongo wa kwanza. Kosa kubwa ni kuleta ule wa chini juu. Ule hauna uhai, na miche itakaa mwezi mzima imedumaa rangi ya njano.

Ni siku nzima ya kazi kwa mita za mraba 10, na mgongo utaisikia. Lakini hufanyi kila msimu. Usikanyage tuta, ongeza mboji juu, na msimu ujao jembe uma peke yake linatosha. Karoti ndiyo inayokuonyesha tofauti: kwenye ardhi ngumu inagawanyika miguu miwili, kwenye tuta hili inateremka wima. Samadi mbichi pia huifanya igawanyike, kwa hiyo karoti ifuate baada ya kabichi iliyokula samadi, usiiwekee samadi yake mwenyewe.

Wale wa Athi River na Kitengela, udongo wenu mweusi wa pamba msiuchimbe mara mbili ukiwa umelowa. Utapata matofali. Inueni matuta na mboji nyingi.

Baraza ya Sinza

Wakuu, mnashauri nini kwa nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili, baraza la mita 1 kwa 4, jua la asubuhi mpaka kama saa 6, maji ya bomba mara 2 kwa wiki? Gunia moja au mawili yataingia?

Kiroba Kijani

Dada (au kaka), usipandishe gunia ghorofani. Gunia la kilo 100 za mahindi hubeba kama lita 130. Udongo uliolowa wa ujazo huo unapita kilo 180. Mawili ni zaidi ya uzito wa watu wazima watano wamesimama pembeni ya baraza mchana na usiku. Ndoo ya lita 20 ikijaa udongo uliolowa ni kilo 25 hadi 30, na unaweza kuzipanga usawa wa ukuta, si kwenye ukingo.

Jua la mpaka saa 6 linatosha majani. Achana na nyanya. Chukua madumu ya lita 20, yakate ubavu mmoja kwa urefu yawe kama mtumbwi, toboa kitakoni matundu 8 ya unene wa msumari wa inchi 4, weka kokoto sm 2 kisha udongo. Dumu moja linabeba spinachi 3 au mchicha wa kusia mistari 2. Dumu au ndoo iliyowahi kuwa na dawa au mafuta ya mashine usiiguse, hata ukiosha vipi.

Utambi

Kwa maji ya mara mbili kwa wiki ningempa Baraza ya Sinza ndoo za utambi, maana dumu la kawaida likikosa maji siku mbili za Januari limekwisha.

Zinatakiwa ndoo 2 za lita 20 zinazoingiana. Ya ndani toboa katikati ya kitako tundu la kuingia kikombe cha plastiki, kikombe chenyewe kitoboe ubavuni matundu madogo mengi, kipachike kining'inie chini. Shindilia udongo laini wenye mboji ndani ya kikombe mpaka kijae kabisa, huo ndio utambi. Toboa na vitundu vidogo kama 10 kwenye kitako chote kwa ajili ya hewa. Kwenye ndoo ya nje weka vipande 3 vya bomba la inchi 2 lenye urefu wa sm 8 ili ndoo ya ndani ikae juu yake na kikombe kiguse maji. Toboa ndoo ya nje ubavuni, chini kidogo ya usawa wa kitako cha ile ya ndani: hilo ni tundu la kufurikia, bila hilo mvua ikinyesha mizizi inazama. Bomba la nusu inchi lipite pembeni kutoka juu hadi kwenye maji ya chini, ndipo unapojazia.

Udongo ukigusa maji unayapandisha wenyewe. Hayapandi mbali lakini, ukipita kama sm 30 juu panabaki pakavu, kwa hiyo ndoo ndefu zaidi haisaidii. Mara ya kwanza mwagilia kwa juu mpaka udongo wote ulowe. Ukiruhusu utambi ukauke kabisa, njia ya maji inakatika, lazima uanze tena kwa juu.

Na tafadhali: mdomo wa bomba na tundu la kufurikia vifungwe kipande cha neti. Mbu wa dengi huzaliana kwenye maji masafi yaliyotulia kama hayo, na Dar imepata milipuko ya dengi 2014 na 2019. Hili msilichukulie kirahisi.

Fundi Matone

Utambi ni mzuri kwa maji ya bomba au ya mvua. Kwa maji ya kisima chenye chumvi unaua mboga zako polepole, na watu wengi wa pwani wanatumia visima. Maji yanapanda, yanakauka juu, chumvi inabaki. Hakuna kinachoisukuma itoke chini. Baada ya wiki kadhaa utaona ukoko mweupe juu ya udongo na kingo za majani zimeungua kahawia, watu wanadhani ni ugonjwa wanapiga dawa.

Kama unaweza kuazima kipimo cha chumvi ya maji, soma kwa dS/m, ndicho kizio cha chumvi ya maji. Chini ya 0.7 panda unachotaka. Kati ya 0.7 na 3 chagua mazao. Zaidi ya 3 hayo maji usiyatumie bustanini. Spinachi inavumilia vizuri kuliko nyingi. Maharage, karoti na vitunguu ndio wa kwanza kulalamika.

Kwenye ndoo za kawaida na maji ya chumvi chumvi, usimwagilie kidogo kidogo. Mwagilia mpaka yatoke chini, na kila wiki mbili pitisha maji mengi zaidi, ya mvua kama unayo, yaoshe udongo.

Sasa matone, yaani kumwagilia kwa mipira (laini) yenye vitundu vinavyodondosha maji. Swali ninaloliona kila mara ni kwa nini laini za matone zinafanya kazi kwa jirani na hapa hazifanyi. Jibu liko kwenye udongo. Kwenye mfinyanzi tone linatambaa kando, tundu moja linalowesha duara pana, nafasi ya sm 30 hadi 40 inatosha. Kwenye mchanga tone linashuka wima. Chini ya tundu kumelowa mpaka nusu mita kwenda chini, sm 20 pembeni ni vumbi. Mchanga unataka laini yenye matundu kila sm 20, na umwagilie muda mfupi mara mbili badala ya muda mrefu mara moja. Mchicha uliomwagwa tuta zima usiutegee matone hata kidogo, keni inafaa zaidi. Matone ni ya mistari: nyanya, hoho, sukuma, bilinganya.

Pipa la lita 200 liinuliwe mita 1 kutoka ardhini, na laini zisizidi mita 15, vinginevyo mwisho wa laini hakufiki kitu. Chujio ni lazima. Kila wiki fungua ncha za laini maji yatoke kwa nguvu mpaka yawe masafi, ndipo ufunge. Laini zisizosafishwa huziba kwa mwani na chokaa.

Hoho Tatu

Hamjagusa kitalu nyumba (greenhouse, banda la nailoni). Mimi naona kwa anayetaka nyanya na hoho za uhakika hiyo ndiyo suluhu, mvua haipigi majani, bakajani inapungua.

Jembe Uma

Mkuu, Njombe, Lushoto au Limuru nakubali. Pwani nakataa. Nyanya ikikaa kwenye joto linalopita nyuzi 32 hadi 35 mchana, na usiku usiposhuka vya kutosha, maua yanapukutika bila kufunga tunda. Nailoni inaongeza joto juu ya joto lililopo. Kwa pwani neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 40, iliyo wazi pande, inafanya kazi nzuri zaidi kwa hela kidogo, na nyanya uilenge miezi ya Juni hadi Agosti.

Na kuna jambo zito kuliko joto. Anayejenga kitalu nyumba anapanda nyanya, kisha hoho, kisha nyanya, kwa sababu anataka kurudisha gharama. Hapo ndipo mnyauko bakteria unapoingia na hautoki. Mmea unanyauka mchana ukiwa kijani kabisa, usiku unajiinua, siku chache umekufa. Kuuthibitisha: kata shina karibu na ardhi, kipande cha sm 5, kitundike kwenye glasi ya maji safi ncha iguse maji, usikitikise. Ndani ya dakika chache ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka kutoka kwenye mkato, ndio wenyewe. Hakuna dawa ya kupiga. Ng'oa na udongo wake, choma mmea, na pale usirudishe nyanya, hoho, bilinganya, ngogwe, viazi mviringo wala mnafu kwa miaka kadhaa. Wote ni ukoo mmoja. Weka mahindi, vitunguu au sukuma.

Mwenye nafasi ndogo ndiye anayepaswa kuliogopa hili kuliko mwenye eka. Hana pa kuhamia. Kwa hiyo gawa bustani vipande 4 tangu mwanzo hata kama kila kipande ni mita 1: ukoo wa nyanya, ukoo wa kabichi (sukuma, chainizi, figili), mikunde, na kipande cha mchicha na vitunguu. Kila msimu vinahama hatua moja.

Hoho Tatu

Nimekuelewa. Basi niongeze na minyoo fundo, maana kwenye mchanga wa Dar ni tatizo kubwa kuliko huo mnyauko. Bamia ikidumaa, ing'oe utazame mizizi. Ukiona vinundu vinundu mzizi mzima, eneo hilo limeshaingiliwa. Vinundu vya maharage vya kawaida vinabanduka kwa kucha, vya minyoo ni mzizi wenyewe umevimba. Lowanisha eneo, funika nailoni angavu isiyo na rangi, kingo zizikwe, wiki 4 hadi 6 za jua kali la Januari na Februari. Nailoni nyeusi haifikishi joto hilo chini. Kisha samadi nyingi iliyooza, maana minyoo hustawi kwenye udongo ulioishiwa.

Mama Chamwino

Wanangu, mmeongea ya pwani na ya baridi. Dodoma mvua ni ya Desemba hadi Aprili tu, miezi mingine ni vumbi na maji ya kununua kwa dumu. Wataalamu wanatuelekeza bustani ya mduara yenye kapu katikati. Inafaa kweli, au jaruba ni bora?

Jembe Uma

Shikamoo mama. Yote mawili yanafaa, kinachoamua ni mawe na maji ya jikoni.

Ule mduara ulienea sana Lesotho, nchi yenye mawe mengi na vumbi. Kipenyo mita 2, ukuta wa mawe unaofika kiunoni ili mtu asiiname, na upenyo wa sm 50 wa kuingilia kufika katikati. Katikati kapu la vijiti lenye upana wa sm 40 lililojazwa nyasi kavu na majani. Chini kabisa makopo na matawi, kisha tabaka za nyasi, samadi, majivu kidogo, udongo. Uso wa udongo uteremke kutoka kapu kwenda ukingoni. Maji ya kuoshea vyombo yanamwagwa kapuni, yanachujwa na kusambaa pande zote. Kwa kaya inayotoa lita 20 hadi 30 za maji ya jikoni kwa siku, huo ndio mtindo wa Dodoma.

Unapoharibika ni hivi. Mchwa hula kapu ndani ya miezi michache, kwa hiyo tumia vijiti vya mti usioliwa haraka au wavu wa waya. Kapu likiachwa tupu maji yanashuka moja kwa moja, lijaze kila wiki maganda na majani. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga au jiki yasiingie, yanajaza magadi ardhini na udongo unashikana hauingizi maji tena. Maji ya vyombo yaliyopita sabuni kidogo ni sawa, ila ya mafuta mengi hapana.

Kama hakuna mawe karibu, mama, usinunue lori la mawe. Chimba majaruba kina sm 30, weka matandazo mazito, panda mnafu, majani ya kunde, mlenda na ngogwe. Mimea hii inavumilia kuliko chainizi.

Sukuma Kitale

Hilo la mimea lisipite haraka. Mtindo na mboga huchaguliwa pamoja. Pwani kabichi na karoti zinahangaika, matembele, mchicha, bamia, kisamvu na ngogwe zinajiendea zenyewe. Matembele ndiyo mboga ya mtu asiye na muda: vipande vya sm 30, fukia theluthi mbili, umbali sm 30, wiki 4 hadi 6 unaanza kuchuma ncha. Kwa mbegu, kutoka Arusha kuna mchicha Madiira 1 na 2, na nyanya Tanya na Tengeru 97, aina ambazo watafiti wa Tengeru wamezifanyia kazi kwa mazingira yetu haya. Sukuma weka sm 60 kwa 45. Ukibana sm 30 unapata majani madogo na vidukari wengi, hewa haipiti.

Kiroba Kijani

Na msipande vyote siku moja! Mchicha wa kung'oa uko tayari siku ya 25 hadi 30. Ukisia mita za mraba 4 Jumamosi moja, utakula mchicha wiki moja hadi uchoke, kisha wiki tatu hakuna. Sia mita 1 kila wiki. Kijiko cha chai cha mbegu kinatosha mita 3 hadi 4, changanya na konzi 2 za mchanga mkavu zisirundikane, mistari sm 20, funika udongo usiozidi sm 1. Mbegu zikienda chini zaidi hazichipui, na watu wanalaumu duka.

Utambi

Miche ya kitalu ikianguka ghafla shingo ikiwa imelegea, ni kinyausi. Chanzo ni maji ya jioni na mbegu kubanana. Mwagilia asubuhi, punguza miche, inua kivuli cha nyasi mpaka usawa wa goti.

Baraza ya Sinza

Maji yangu ni ya bomba, kwa hiyo utambi umepita. Nikiwa na elfu 30 tu, nianzie wapi?

Utambi

Usinunue ndoo 8 kwa mkupuo. Tafuta ndoo za rangi zilizotumika, za rangi ya maji, uzikwangue na kuziosha mpaka maji yatoke masafi. Tengeneza jozi 2 za utambi, na madumu 2 ya kukata. Hela nyingine iende kwenye samadi: debe 2 za samadi ya ng'ombe iliyooza, isiyonuka na isiyo na joto ukiingiza mkono. Ya kuku ikiwa mbichi inaunguza mizizi, irundike, ilowanishe, igeuze kila wiki, wiki 6, na kipimo chake ni nusu ya ile ya ng'ombe. Spinachi 2 kila ndoo, mchicha kwenye madumu kwa kupishana wiki mbili. Kila unapojaza ndoo, andika zimepita siku ngapi tangu ujaze mara ya mwisho. Siku hizo zikizidi pengo la mgao wa maji mtaani kwako, ongeza jozi nyingine. Zikiwa pungufu, baki na hizo hizo na uweke matandazo.

Fundi Matone

Na kabla ya kuongeza, zigeuze ndoo nusu mzunguko kila wiki. Jua la baraza linatoka upande mmoja, spinachi zitainama zote nje na majani ya ukutani yatabaki meupe.